Pampu ya mpira ya kuvaliwa kiunoni: hewa, kasi na plasta

Kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana anayetakiwa kupokea fluorourasili, dawa ya tibakemikali, kwa saa 46 mfululizo, pampu ya mpira inayovaliwa kiunoni humwezesha kulala nyumbani kwake badala ya wodini. Nimezijaza na kuwafungia wagonjwa pampu za jamii hii, ambayo ndani yake zimo Infusor ya Baxter na Easypump ya B. Braun, na naona kwamba uzuri wake na udhaifu wake vina chanzo kimoja: hazitumii umeme.

Ndani ya ganda la plastiki mna puto ambalo hutanuka linapojazwa dawa, kisha hunywea taratibu likiisukuma mrijani. Kasi haiamuliwi na puto pekee, bali hasa na kizuizi kilicho karibu na mwisho wa mrija, chenye tundu jembamba mno. Upana wa tundu hilo ukiongezeka maradufu, mtiririko huongezeka mara 16, na ndiyo sababu hakuna anayeweza kurekebisha kasi akiwa hospitalini; mtu huchagua modeli inayofaa na kusoma lebo mara mbili.

Kuondoa hewa ndiko kunakodai subira. Viputo vyote hutolewa kwenye sirinji kabla ya kujaza, na mrija hutangulizwa maji ya dripu yasiyo na dawa, ili tone la kwanza litakaloonekana kwenye ncha lisiwe la sumu. Modeli zenye chujio la kutoa hewa hupunguza kazi hiyo, nami huzipendelea. Kiputo kidogo kikiingia kwenye mshipa si tishio kubwa kwa mtu mzima. Kinachonitia wasiwasi ni kile kinachonasa kwenye kizuizi, kwa kuwa dawa hukoma na pampu haina kengele ya kumjulisha yeyote.

Joto nalo lina sauti yake. Dawa inapopata joto huwa nyepesi, na mtiririko huongezeka kwa takribani asilimia 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, hivyo kizuizi hubandikwa kwenye ngozi, ambayo joto lake halibadilikibadiliki sana. Katika miji ya pwani yetu shida ni jasho linaloibandua plasta, na plasta ya kawaida inayokuja na vifaa hivi haitoshi. Mgonjwa apewe ya akiba. Pampu iliyotoka kwenye friji nayo huenda polepole hadi ipate joto.

Pamoja na hayo, pampu isiyo na vitufe haiwezi kupangwa vibaya. Mwaka 2006, huko Edmonton nchini Kanada, pampu ya umeme ilipangwa kutoa mililita 28.8 kwa saa badala ya 1.2, fluorourasili ya siku 4 ikaingia kwa saa 4, na mgonjwa akafariki. Kwa pampu ya mpira, kosa la namna hiyo hubaki kwenye kuchukua modeli isiyo sahihi rafuni.

Ninaipendekeza kwa tibakemikali ya nyumbani na kwa viuavijasumu, ambako tofauti ya asilimia 10 au 15 huvumilika. Kwa dawa ambayo dozi yake hubadilishwa kila saa, au kwa mgonjwa asiye na mtu wa kuitazama pampu asubuhi na jioni kama puto linanywea, nisingeitumia.