Ubao wa kusimamia, miezi minne baadaye: mtoni raha, ziwani upepo ukigeuka ni shughuli

Mimi ni mtu wa kayaki. Kayaki ya bahari, mita tano, nimeikalia miaka hadi makalio yamelijua umbo lake. Kwa hiyo nilipoununua huu ubao wa kusimamia, ule wa kujazwa upepo ambao unasimama juu yake majini ukipiga kafi, niliutazama kama mke mkubwa anavyomtazama mke mdogo.

Tuanze na pampu ya mkono. Ubao unataka psi 15 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa). Hadi psi 8 unapiga huku unapiga soga. Kuanzia 10 unalalia mpini kwa uzito wako wote. Wengi huishia hapo wakasema imetosha. Haijatosha. Siku moja niliingia majini na psi 9, ubao ukabonyea katikati kama kitanda kilichovunjika chaga, maji yakanipanda vidoleni kila nilipopiga kafi. Ukifika 15, ugonge kwa ngumi: unalia kama mbao. Ila usiuache juani ukiwa umejaa hivyo, hewa ikipata moto hutanuka na mishono ndiyo inayoumia.

Mtoni ndiko uliponinyamazisha. Upana wake ni sentimita 81, unasimama bila kutetemeka, na ukisimama unaona chini: mawe, samaki, gogo lililozama kabla halijakuona wewe. Kwenye kayaki nilipita juu ya vitu hivyo miaka yote bila habari. Ubaya ni lile pezi refu la katikati, chini ya ubao. Lilinasa kwenye jiwe, ubao ukasimama, mimi nikaendelea na safari. Kwa maji ya kina kifupi tafuta pezi fupi.

Sasa lalamiko. Ndani ya boksi mlikuwa na kamba ya mguuni tu, ile inayokufunga na ubao, na kijitabu hakisemi neno kuhusu mto. Nilianguka, kamba ikazunguka tawi, mkondo ukaninyoosha kama nguo iliyoanikwa. Kuinama kuufikia mguu? Jaribu wewe, maji yakikusukuma mgongoni. Tawi ndilo lililokatika, si kwa akili yangu. Kwenye maji yanayotembea inatakiwa kamba ya kiunoni, yenye kifungo cha kufyatua kwa mvuto mmoja. Nimejinunulia. Ya mguuni naifunga ziwani, ambako kazi yake ni kuzuia ubao usipeperuke ukaniacha naogelea.

Na ziwani, jamani, upepo. Asubuhi kando ya matete ni starehe tupu. Upepo wa kutoka nchi kavu ukianza, mwili uliosimama ni tanga, nalo linakupeleka katikati ya ziwa. Nilipiga magoti, nikashika kafi chini kabisa, na umbali ambao kayaki ingeumaliza kabla sijatoka jasho ulinichukua saa nzima. Kayaki imelala chini, omo yake inakata mawimbi. Ubao unayapanda moja moja na kukusimulia kila moja.

(Kafi nayo: bapa lake limepinda, na mpindo unatazama mbele. Nililishika kinyume wiki mbili hadi mtoto mmoja akanisahihisha.)

Siuuzi. Siku za upepo natoka na kayaki, zilizotulia natoka na ubao. Ukienda kuununua kwa ajili ya mto, ulizia kamba ya kiunoni kabla hujatoa pesa.