Uzoefu wangu: saa inayohesabu mkono, si mguu

Nimeivaa saa hii ya kuhesabu hatua kwa miezi saba, mkono wa kushoto, usiku na mchana, na kwa miezi mitano ya mwanzo sikuwahi kuzitilia shaka hesabu zake. Shaka iliniingia siku niliyomsukuma mwanangu kwenye kigari kwa karibu saa nzima, nikarudi nyumbani miguu inauma, nayo ikanionyesha hatua zisizofika 400. Jioni hiyohiyo, nikiwa nimeketi nakunja nguo, iliniongezea hatua 80 na ushei ambazo sikuzitembea.

Nikaamua kuipima. Nilitafuta kihesabio kidogo cha kubonyeza kwa kidole gumba, nikaenda kwenye uwanja tambarare, nikahesabu hatua 1,000 kwa kila aina ya mwendo, nikirudia mara tatu. Nilipotembea kawaida, mikono ikipunga, saa ilinipa kati ya 978 na 1,006, na hapo sina ugomvi nayo. Nilipokimbia ilifanya vizuri zaidi, kwani haikukosea zaidi ya hatua 9 katika duru yoyote. Nilipotembea taratibu, kama mtu anayeandamana na mgonjwa, ilishuka hadi 760 hivi. Kigari ndicho kilichoiumbua kabisa: hatua 212 kati ya 1,000.

Sababu yake inaeleweka ukijua kilichomo ndani. Kihisi cha mchapuko, yaani kifaa kinachohisi mabadiliko ya mwendo, ni kipande kidogo mno cha silikoni ambacho sehemu yake moja imeshikiliwa na springi zisizoonekana kwa macho. Mkono unapokwenda, sehemu hiyo husogea, na saa huupima msogeo huo katika pande tatu, kisha programu hutafuta mawimbi yanayojirudia kwa mpigo unaofanana na mwendo wa binadamu. Anayekimbia hukanyaga kwa kishindo, mara nyingi zaidi ya hatua 150 kwa dakika, na kishindo hicho hupanda hadi mkononi, hivyo wimbi lake halijifichi. Wimbi la anayetembea polepole ni dogo, na programu iliyowekwa isihesabu kila mtikisiko huliacha lipite. Aliyeshika kigari mkono wake umetulia, na saa haina habari na miguu.

Kengele ya saa hii ya kufikisha hatua 10,000 kwa siku nimeizima. Idadi hiyo ilivuma kutokana na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965 kwa jina la manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa, wala si agizo la daktari.

Mkimbiaji akiniuliza, nitamwambia ainunue bila kusita. Mzee anayetembelea mkongojo nitamshauri atafute kifaa cha kufunga kiunoni au kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu hii itamdhulumu kila siku na kumvunja moyo bure. Mimi mwenyewe, siku za kigari, huivua nikaitia katika mfuko wa mbele wa suruali, na katika jaribio la mwisho ilihesabu 964 kati ya 1,000. Kasoro ni kwamba ikiwa humo haisomi mapigo ya moyo, na kila baada ya muda hutetemeka kunikumbusha kwamba nimesahau kuivaa.