DaVinci Resolve ya bure kwa video za droni: inapobeba na inapokwama

Kwa mwenye droni ndogo anayetaka video zake zipendeze bila kulipia programu, DaVinci Resolve ya Blackmagic Design ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Kwenye rangi, toleo la bure linakupa karibu kila kitu. Kwenye chenga (punje punje zinazochafua picha) za usiku linakuacha njiani, na hilo ni vyema ulijue kabla hujaanza kazi.

Mpangilio wa mradi ndio wa kwanza. Weka idadi ya fremu kwa sekunde kabla ya kuingiza klipu kwenye mstari wa kuhariria, kwa sababu ukishaziweka namba hiyo hujifunga. Resolve huanza na 24. Kama droni ilirekodi 30 na ukapuuza swali ambalo programu hukuuliza, fremu kadhaa zitadondoshwa na kamera inayogeuka polepole itaonekana kurukaruka. Wengi huilaumu droni kwa hili. Kompyuta ikigugumia, punguza uzito kwa kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu za kuhariria, za nusu au robo ya ukubwa. Klipu za 4K za H.265, mfumo unaobana video sana, ni mzigo hata kwa mashine nzuri.

Ukurasa wa Color, wa kurekebisha rangi, ndio sababu ya kuipakua programu hii. Fanya kazi kwa nodi (hatua za marekebisho zinazofuatana) tatu: ya kwanza mwangaza, ya pili mizani ya nyeupe, ya mwisho LUT, yaani faili la kugeuza rangi kwa mpigo mmoja. LUT ikitangulia, mawingu yaliyoungua ndani yake hayarudi tena hata ushushe mwangaza vipi baadaye. Wenye droni za DJI zinazorekodi D-Log M, mtindo wa rangi zilizofifishwa makusudi ili zirekebishwe baadaye, watumie LUT ya D-Log M inayotolewa na DJI yenyewe. Kuigeuza kana kwamba ni D-Log ya kawaida hukupa vivuli na kontrasti ya uongo. Tazama grafu ya mawimbi, inayopima mwangaza, kuliko kioo cha kompyuta: anga ikigonga kilele cha 1023 kabla hujagusa chochote, kwa kawaida hapo hakuna tena cha kuokoa.

Sasa chenga. Kipunguza chenga kipo Studio tu, yaani toleo la kulipia. Ukikijaribu kwenye toleo la bure, unapata maandishi ya alama juu ya picha yako. Njia ya mkato ipo, nayo husaidia zile doa nyekundu na kijani za gizani: tengeneza nodi, badilisha nafasi yake ya rangi iwe LAB, inayotenga mwangaza na rangi, zima chaneli namba 1 ambayo ni ya mwangaza, kisha pandisha ukungu (Blur) kutoka 0.50 hadi 0.55 au 0.60. Rangi pekee ndiyo inalainika, maumbo yanabaki makali. Chenga za mwangaza wenyewe hazitaondoka. Dawa yake iko angani: rekodi kwa ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100 kila inapowezekana.

Kunoa picha ni pale wanaoanza wanapoharibu. Droni nyingi tayari hunoa ndani ya kamera, na ukiongeza tena, nyasi na majani huanza kumetameta. Kama droni yako inaruhusu, shusha unoaji hadi -1 kabla ya kuruka, halafu kwenye Resolve teremsha kipimo hicho hicho cha ukungu hadi 0.48. Chini ya 0.46 kingo za mapaa huota mistari myeupe.

Kituliza mtikisiko kimo kwenye toleo la bure na ni kizuri, mradi usiache mtindo wa Perspective. Huo hupinda upeo wa macho droni inapopita karibu na miti au majengo. Chagua Similarity au Translation. Hakiponyi video inayochezacheza kama jeli. Hiyo hutoka kwenye mtetemo wa propela zilizochubuka au mipira iliyochoka ya gimbali, mkono unaoshikilia kamera isitikisike, na sensa husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo kila mstari unanasa mtetemo tofauti. Badilisha propela. Upeo ulioinama ni rahisi: zungusha digrii 1 na ukuze picha hadi 1.04, digrii 2 hudai 1.07 ili pembe nyeusi zisionekane.

Kuna mambo ambayo hata Studio haiyamalizi vizuri. Kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/2000 kwenye jua kali hufanya mwendo uonekane wa kukatakata. Kwa fremu 30 unahitaji takriban 1/60, na lenzi yenye tundu la f/2.8 lisilobadilika hufika hapo kwa filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya ND32 au ND64. Filta moja ya ND ina faida kubwa kuliko madoido yote ya programu. Mwangaza wa otomatiki nao uzimwe. Mwangaza ukibadilika ghafla katikati ya klipu, kuusawazisha kwa fremu moja moja ni adhabu.

Wakati wa kutoa video ya kupandisha YouTube, chagua mfumo wa H.264, ukubwa wa 3840 kwa 2160. YouTube hupendekeza kasi ya data ya Mbps 35 hadi 45 kwa fremu 24 hadi 30. Sisi huweka 60, kwani majani na maji hula data na mtandao huo utaibana video tena. Watumiaji wa Mac wakiona rangi zimefifia kwenye QuickTime, wabadilishe gamma ya kutolea (mpangilio wa mwangaza wa faili) iwe Rec.709-A. Wa Linux wageuze klipu kuwa DNxHR, mfumo wa video wa kuhariria, kwanza, maana huko toleo la bure halifungui H.264 wala H.265.