Katana Lace kwenye lava ya Goma, miezi saba miguuni

Nimevaa Katana Lace ya La Sportiva miezi saba sasa, karibu kila jumamosi kwenye mawe ya lava hapa Goma na siku nne kule Lukenya karibu na Nairobi, na watu wa kundi letu wananiuliza kila mara wachukue numero gani, eti inaumiza ama haiumizi, njo nikasema wacha niandike yote mara moja, juu mi nilipoteza pesa mara mbili mbele ya kufika hapa na sitaki mwingine apoteze.

Kwa wale hawajawahi kuviona, hivi ni viatu vya eskalade, vya kupandia mwamba kwa vidole vya mguu. Si vya kutembelea. Kuna mdogo mmoja wa Katindo aliniuliza kama vinaweza kumpandisha Nyiragongo, nikamwambia hapana mdogo wangu, Nyiragongo ina mita 3470 kweli lakini ile ni safari ya miguu, masaa manne tano sita uko njiani, pale vaa buti inayoshika kifundo cha mguu. Katana ukitembea nayo dakika kumi kwenye changarawe ya lava, utaumia na utaiharibu bure.

Naongelea njia za tekniki, yani zile ambazo ukuta umesimama wima ama umelala kidogo, mikono haina kazi kubwa, mguu njo unakubeba. Unapata kaukingo kadogo kama punje ya mahindi, unaweka ncha ya kidole kikubwa pale, unasimama, unapumua, unatafuta kengine. Kiatu kikiwa kinakunjika hovyo ama kina hewa ndani, ile punje huisikii. Unaona mguu umefika lakini hujui kama umeshika, basi mikono inaanza kukaza yenyewe, dakika mbili nguvu imeisha.

Pea yangu ya kwanza niliitoa kwenye tombola, yani mitumba, soko ya Virunga. Mama muuzaji alikuwa ameichanganya na viatu vya watoto juu ilikuwa midogo na imepinda, akaniomba franga elfu kumi na tano, nikalipa bila kubishana, nilifurahi sana siku ile. Lakini mpira ulikuwa umeshazeeka, ukiukwaruza na kucha hauachi alama, unang'aa tu kama plastiki, na ngozi ilikuwa imeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, mtu ambaye kidole chake cha pili kilikuwa kirefu kuliko kile kikubwa. Mguu wangu hauko hivyo. Nilipanda nayo miezi mitatu nikiteleza kila mahali, nikifikiri shida ni mimi sijui kukanyaga.

Ya pili niliagiza kwa intaneti, duka sitalitaja, mtu wa pale akaniandikia eti kwa njia za tekniki unashuka numero tatu kutoka kiatu chako cha kawaida. Mi navaa 42, basi ikaja 39. Kuiingiza mguuni tu ilikuwa kazi ya dakika tano. Nilikuwa nasikia maumivu mahali pamoja, kwenye kucha, kama mtu anabonyeza na msumari, nikajiambia ni kawaida, eskalade iko hivyo, wote wanavumilia. Wiki ya tatu kucha ya kidole kikubwa cha mguu wa kuume ikawa nyeusi, afu ikatoka. Siku kumi na nane nikawa natembea na kambambili tu. Na kupanda kwenyewe hakukwenda mbele hata kidogo, juu ukishaogopa kuweka uzito kwenye kidole unakanyaga nusu nusu, na ukikanyaga nusu nusu unaanguka, hata kiatu kiwe kizuri namna gani.

Hapa njo naomba mtu asome polepole. Kiatu cha tekniki kinabana, lazima, lakini kinabana kila upande sawasawa, kama mtu amekushika mkono wako wote kwa nguvu. Ukisikia pahali pamoja panachoma, iwe kucha, iwe vifundo vya vidole kwa juu, iwe ule mshipa mkubwa nyuma ya kisigino, hicho kiatu si chako na hakitakuwa chako, wasikudanganye eti kitazoea. Vidole vikae vimekunjika kidogo, vifundo vimeinuka, vyote vimesukumwa mbele pamoja, lakini kucha zisigonge ukuta wa mbele.

Na mbele ya numero kuna umbo. Chukua karatasi, simama juu yake bila soksi na uzito wako wote, mtu mwingine akuzungushie kalamu. Kuna mguu ambao kidole kikubwa njo kirefu, wanauita wa Kimisri, kuna ule wa kidole cha pili kirefu, wa Kigiriki, na ule wa mraba ambao vidole vya mbele vinalingana. Viatu vingi vya tekniki ncha yao imevutwa upande wa kidole kikubwa ili nguvu yote iishie pale, kwa hiyo sisi wenye mguu wa Kimisri tuna bahati, mwenye mguu wa Kigiriki kidole cha pili kitakunjika sana, afadhali atafute chenye ncha ya katikati. Angalia pia upana. Kaka yangu mkubwa mguu wake ni mpana kama koleo, alijaribu Katana yangu akaivua mbele ya kufunga kamba.

Mi nilipata bahati ya kujaribu juu ya mwamba wenyewe. Nilikuwa Nairobi kwa kazi, nikaenda Lukenya, ile miamba ya pembeni ya njia ya Mombasa, jiwe lake si lava kama letu, ni naisi, gumu, lina vichembe vinavyotokeza. Wapandaji wa pale wana roho nzuri kweli, mmoja akanikopesha Katana yake ya 41 na mwingine ya 40. Ya 41 ilikuwa raha, vidole vimenyooka, lakini nilipobonyeza kisigino na dole gumba ngozi iliingia ndani, yani kulikuwa na hewa, na kila nikikanyaga inatoa sauti, pfff. Nikasimama kwa mguu mmoja kwenye kaukingo, kiatu kikabaki mahali pake na mguu ukazunguka ndani yake. Ya 40 ilijaa, kisigino kimejaa, chini ya upinde wa mguu hakuna nafasi, nikasimama dakika nzima nahesabu. Lakini ilikuwa asubuhi na baridi. Saa tisa mchana, mguu umevimba na joto, nikairudia, ikaanza kuchoma kwenye kidole kidogo cha kushoto. Nikaagiza 40 na nusu, na mpaka leo nashukuru nilirudia mchana. Kama nyinyi mnajaribu, jaribuni mchana, tena viatu vyote viwili, juu watu wengi mguu mmoja ni mkubwa kidogo kuliko mwengine.

Numero ya rafiki yako isikupeleke mbali kama viatu vyenu si aina moja. Ngozi tupu isiyo na kitambaa ndani inanyooka sana, inaweza kuongezeka karibu numero nzima, ya sintetiki inanyooka kidogo sana. Katana ni ngozi na mikrofaiba, yangu imelegea kidogo tu wiki za kwanza afu ikasimama. Chini yake wameweka kitu wanaita P3, mfumo wa kushikilia ule mpindo wa kiatu usilale na wakati, na mpaka sa hii haujalala.

Kuingiza siku za kwanza nilitumia sashe, ule mfuko wa plastiki, unavaa sashe nyepesi mguuni, mguu unateleza ndani, afu unaivuta itoke. (Wale wanaovuka kwenda kupanda upande wa Rwanda, sashe muiache nyumbani, kule ni marufuku tangu 2008 na pale barriere, mpakani, wanazinyang'anya.) Jioni nilikuwa navaa dakika kumi na tano nikiwa nimekaa, kamba zimelegea, navua, napumzisha, navaa tena. Wiki mbili hivyo. Sikuviloweka maji kama wengine wanavyoshauri, na sikushauri.

Kamba njo kitu napenda kuliko vyote. Zinashuka mpaka karibu na vidole, kwa hiyo unaweza kulegeza mbele na kukaza juu, ama kinyume. Kwenye njia ndefu nalegeza mbele kidogo, kwenye kanjia kafupi kagumu nakaza yote mpaka mwisho. Viatu vya skrachi, vile vya kubandika bila kamba, vinavalika haraka, sikatai, lakini huwezi kuvipanga hivyo.

Sasa lava yenyewe. Kuna ukuta mmoja tunaendaka kando ya ziwa, mita nane hivi, wima. Katikati pale kuna kashimo kaliachwa na povu la gesi wakati lava inapoa, kanaingiza kidole kimoja cha mguu, na juu yake upande wa kushoto kaukingo ka milimita tano hivi, kamechongoka kama kisu. Mwaka mzima pale njo nilikuwa naanguka. Na Katana niliweka ncha kwenye kashimo, nikasikia ukingo wake chini ya kidole, nikainuka, nikapandisha mguu wa kushoto kwenye kale kaukingo, na kiatu hakikuzunguka. Nilisimama pale nikaingiza mkono mmoja kwenye mfuko wa poda ya kukausha mikono, afu wa pili, bila haraka. Wenzangu chini walinyamaza. Siwezi kueleza furaha ile.

Kule kusimama imara kunatoka wapi? Kwanza soli iko ngumu kiasi, mguu haubebi kila kitu wenyewe, kigimbi hakitetemeki haraka. Pili mpira. Yangu, ile ya wanaume, ina Vibram XS Edge ya milimita 4, mpira mgumu unaoshika kona yake hata ukibonyezwa kwenye kitu kidogo. Kuna mwengine wa Vibram unaitwa XS Grip 2, huo ni laini zaidi, unanata vizuri kwenye jiwe laini lisilo na ukingo. Ni kuchagua, huwezi kupata yote mbili kwa mpira mmoja. Lukenya, kwenye ile miamba iliyolala ambapo unaweka soli bapa na kuamini tu, siku ya kwanza nilikuwa na wasiwasi, ilinibidi nishushe kisigino zaidi ili mpira mwingi uguse jiwe. Mwezi wa pili soli ikawa imelainika, wasiwasi ukaisha.

Lava inakula mpira, hilo mjue. Jiwe letu ni kama msasa. Mi sitembei nayo kamwe, nafika chini ya ukuta na kambambili, navaa pale pale juu ya kakapeti, nafuta soli na kitambaa kibichi mbele ya kupanda maana vumbi letu jeusi linateleza sana. Pia jifunze kuweka mguu mara moja na kuuacha, ukiukokota unausaga. Baada ya miezi saba ncha ya kuume imebaki nusu ya unene. Ikikaribia kufika kwenye ule mpira mwembamba wa pembeni, unaozunguka vidole, unaacha kuivaa na unaipeleka kubadilishiwa soli, ukichelewa tundu linaingia mpaka ndani na kazi inakuwa kubwa. Hapa nilimwonyesha fundi mmoja wa Birere, mtu anajua kazi yake kabisa, alinishonea vizuri pahali kamba inapita, lakini soli alitaka kuweka mpira wa pneu, yani tairi la gari. Nilimzuia kwa heshima. Pneu inadumu lakini hainati kwenye jiwe. Inatakiwa mpira wa eskalade wenyewe na kalibu ya kuvuta kiatu kikae umbo lake. Ni jambo linaniuma, juu mikono tunayo. La Sportiva yenyewe mwaka 1928 ilianza na fundi mmoja tu, Narciso Delladio, kule Val di Fiemme Italia, anatengenezea wakata miti na wakulima viatu vya mbao na buti za ngozi. Nikiwaona mafundi wetu wa Birere na sindano zao, nafikiria hilo kila mara.

Bei, mi ilinifikia dola 210 pamoja na kuletewa mpaka Kigali, ndugu yangu akaivusha. Ni pesa nyingi, najua. Kama unaanza mwaka huu usiinunue, chukua Tarantulace ya kampuni hiyo hiyo, ina soli bapa, mpira wa milimita 5, vidole vinakaa karibu vimenyooka, utajifunza kukanyaga bila kuogopa. Kama ndoto yako ni kuta ndefu za siku nzima kwenye granite kuna TC Pro, ambayo La Sportiva waliibuni pamoja na mpandaji Tommy Caldwell, yule alimaliza Dawn Wall, ukuta mrefu wa El Capitan kule Amerika, Januari 2015 na Kevin Jorgeson, ile inapanda mpaka juu ya kifundo na inakinga mguu kwenye nyufa. Lakini kwa kuta zetu hizi fupi, wima, zenye vishimo na kingo kali, Katana ningeinunua tena kesho.

Mwenye kuvaa 42 ya kawaida na yuko hapa Goma aje ajaribu yangu mbele ya kutuma pesa. Jumamosi saa tisa mchana tunakuwaka pale kando ya ziwa, miguu imeshavimba vizuri, ndiyo saa ya kupima.