Kiplastiki cha kupandishia treni relini: kwa mabehewa sawa, kwa injini hapana

Magoti yangu yana miaka 61, na reli za treni zangu za mfano kwenye bustani yetu hapa Kassel, Ujerumani, zimelazwa chini kabisa kwenye changarawe. Behewa likiacha njia, anayepiga magoti ni mimi. Ndiyo maana nikanunua hiki kipandishio: kipande cha plastiki chenye mteremko, kipana juu, chembamba chini, kinachokaa juu ya reli.

Treni zangu ni zile kubwa za bustani, reli yenye upana wa milimita 45 kati ya chuma na chuma. Kwa uwiano wa 1:22.5, yaani treni halisi iliyopunguzwa mara 22.5, hiyo ni sawa na reli halisi ya upana wa mita moja, kama ile ya Tabora–Kigoma ambako marehemu baba alikuwa gadi wa treni. Mke wangu anasema hicho ni kisingizio tu.

Behewa fupi la magurudumu manne halihitaji kifaa. Mateso ni lile refu la abiria, lenye bogi mbili, yaani vigari vidogo vya magurudumu vinavyozunguka chini yake. Ukishaweka ya mbele, ya nyuma imejigeuza upande. Ukiifuata ya nyuma, ya mbele imetoka. Nimewahi kuhangaika dakika kumi na behewa moja huku mjukuu akihesabu kwa sauti. Sasa naliweka juu ya mteremko na kulisukuma kwa kidole. Mifereji inazinyoosha bogi taratibu, halafu nasikia tak, tak: kingo za magurudumu zimeingia ndani ya reli. Mabehewa sita yanapanda chai ikiwa bado moto.

Injini ni habari nyingine. Magurudumu yake yameshikwa na gia, hayabingiriki bila umeme wa relini, na plastiki haipitishi umeme. Inabidi uikokote mpaka yale ya mbele yaguse reli, ndipo ijivute. Yangu ilikisukuma kipandishio chenyewe, ikalala ubavu, ngazi yake ikavunjika. Siku hizi naipakata kwa mikono miwili, na kioo cha kunyolea nimekiegemeza kwenye jiwe nione magurudumu ya upande wa pili.

Halafu, kitumie kwenye reli iliyonyooka tu. Kwenye kona zangu kali kinayumba, na kuvumwani, ule uoto laini wa kijani, kukijaa kati ya mataruma hakikai sawasawa; piga brashi kwanza.

Euro 19 nilizotoa sizijutii. Ila aliyekipaka rangi ya kijani sijui aliwaza nini. Mara mbili nimekipata kwenye nyasi kwa kukikanyaga.