Nyumba ya watu wazima wenye ulemavu huko Katuba: tathmini ya ndugu wa mkaazi baada ya miaka mitatu

Kwa miaka mitatu sasa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anaishi katika nyumba moja ya komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, inayopokea watu wazima wenye ulemavu ambao familia zao haziwezi tena kuwahudumia. Nyumba hiyo inaendeshwa na masista wawili wakisaidiwa na walezi saba wanaolipwa mshahara, na wakaazi wake ni kumi na wanne. Sitaitaja jina, kwanza kwa sababu wakaazi hawapendi kufuatwa na wageni wa kupiga picha, na pili kwa sababu nitasema pia mapungufu niliyoyaona. Ninaandika kwa ajili ya familia zinazotafuta mahali pa namna hii na ambazo, kama sisi zamani, hazijui waulize nini wanapofika mlangoni.

Sisi tuliuliza habari za kitanda, chakula na usafi, na kwa hayo majibu ni mafupi. Vyumba ni vya watu wawili wawili na vyandarua vipo. Bukari, yaani ugali, haikosekani, pamoja na sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha) au samaki. Kuna kisima ndani ya lupango, yaani kiwanja chenye ua, na umeme ukikatika taa za jua zinatosha mpaka watu walale. Kasoro kubwa ni choo: mlango mmoja tu una upana wa kupitisha kiti cha magurudumu, hivyo watu watano wanaotumia viti hivyo hungojeana kila asubuhi, jambo ambalo fundi mwashi angelimaliza kwa siku mbili na ambalo tumeahidiwa tangu mwaka juzi.

Lakini kabla ya hapo tulikuwa tumetembelea nyumba nyingine, mbali na Katuba, ambayo vitanda vyake vilikuwa bora na sakafu yake iling'aa, na bado hatukumwacha yaya pale. Watu wazima walikuwa wamepangwa kwenye ukuta, televisheni mbele yao, na tulipoaga saa kumi tuliwakuta vilevile tulivyowakuta saa nne. Mama yangu alisema barabarani kwamba wale watu wamehifadhiwa kama mizigo. Tangu siku hiyo nimejifunza kuuliza maswali matatu tu: mtu huyu anafanya nini tangu asubuhi hadi usiku, anakifanya pamoja na nani, na nani aliyeamua.

Yaya ana miaka 43. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono na miguu yake hukaza, na maneno humtoka polepole na kwa shida, ingawa akili yake ni timamu na alimaliza shule ya msingi akiwa amebebwa mgongoni kwenda na kurudi. Mama alimhudumia mpaka mgongo wake ulipokataa. Tulipoamua kumpeleka Katuba, majirani walisema tunamtupa, na maneno hayo yaliniuma kwa muda mrefu, hata nikasoma sheria ili kujua kama walikuwa na haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na ambao nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilijiunga nao mwaka 2015, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki sawa na wengine ya kuchagua mahali atakapoishi na watu atakaoishi nao, wala asilazimishwe kukaa katika makazi ya namna fulani, na kwamba apate msaada wa kuishi ndani ya jamii bila kutengwa nayo. Nchini kwetu kuna pia sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kukuza haki za watu hawa. Basi nilimwuliza yaya mwenyewe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kusoma chochote, naye akajibu kwamba atajaribu miezi sita. Alipomaliza miezi hiyo alisema anabaki, na sababu aliyoitoa ilikuwa chikanda.

Chikanda, kwa wasioifahamu, hutengenezwa kwa viazi vidogo vya mmea wa porini ambavyo hukaushwa, hutwangwa, kisha unga wake hupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi mpaka ushikamane kama mkate na kukatwa vipande. Katika nyumba hii hupikwa kila Ijumaa na kuuzwa Jumamosi kwenye soko la Kenya, mwendo usio mrefu kutoka hapo. Ninachokisifu ni jinsi kazi ilivyogawanywa kwa kuangalia kile ambacho mwili wa kila mmoja unaweza. Anayetwanga ni papa mmoja, yaani baba mtu mzima, asiyeona, mwenye mabega ya mtu aliyefanya kazi nzito ujanani. Kijana mwenye ulemavu wa akili, ambaye hawezi kuhesabu lakini sauti yake inasikika soko zima, ndiye anayeita wateja. Yaya hawezi kushika mchi wala kisu; yeye huonja na kuamua kama chumvi imetosha, na huweka mkoba wa fedha kwenye mapaja yake na kusimamia hesabu, maana hasahau deni la mtu yeyote. Gharama zikiisha kutolewa, kila mmoja hupata sehemu yake katika bahasha yenye jina lake. Mara nyingine ni franka elfu moja, mara nyingine elfu tatu. Kabla ya hapo, katika miaka yake yote arobaini, yaya alikuwa hajawahi kuwa na fedha ambazo hakuziomba.

Fedha hizo ndizo zilizofungua mlango nisioutazamia. Mwaka jana alifariki mzee mmoja, fundi seremala, aliyekaa lupango ya tatu kutoka nyumba yao. Wakaazi waliomba kwenda kwenye kilio. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati usiku wa Lubumbashi unakuwa baridi kweli, na baridi huzidisha kukaza kwa misuli ya watu kama yaya, hivyo sista mkubwa alisita. Mwishoni waliruhusiwa sita, wakiwa na mablanketi na mlezi mmoja. Walipofika, watu wa msiba, bila nia mbaya, waliwaweka karibu na mlango wa lupango na kuwaletea mkate, kama wanavyofanyiwa waliokuja kuomba. Yaya akauliza iko wapi kaye, yaani daftari, ya mchango. Kijana aliyekuwa akiandika alimgeukia mlezi na kumwuliza, "Anasema nini?" Mlezi akamjibu, "Umuulize mwenyewe." Kijana akainama, akasikiliza mara ya kwanza asielewe, akasikiliza mara ya pili, akaandika jina lake lote na, mbele yake, franka elfu moja. Kesho yake yaya aliwekewa nafasi penye wanawake, na wenzake wawili wakaitwa kuchambua majani ya sombe pamoja na wengine.

Nimeisikia habari hiyo kwa yaya, kwa mlezi na kwa mjane wa marehemu, na wote watatu wanaisimulia kwa namna moja. Mjane alikuja baada ya arobaini kushukuru, na tangu hapo hurudi siku za Alhamisi kuwasuka nywele wanawake wa nyumba ile. Yeye ndiye aliyemwingiza yaya katika likelemba ya wanawake wa mtaa, yaani mchezo wa kuchangiana fedha na kuzipokea kwa zamu. Ningependa familia nyingine zielewe kwamba jibu la mlezi yule halikutokea kwa bahati. Ni kanuni ya nyumba: mlezi hasemi kwa niaba ya mkaazi aliye mbele yake, hata kama kumngojea kunachukua dakika tano. Kama ningetakiwa kutaja jambo moja tu la kulitafuta mahali popote mnapompeleka ndugu yenu, ningetaja hilo, kabla ya dawa na kabla ya magodoro.

Kuhusu burudani ninaona tofauti kati ya zile zinazomfahamisha mtu na wengine na zile zinazompitisha tu. Mara mbili kwa mwaka wakaazi hupelekwa kwa basi kwenye bustani ya wanyama. Wanafurahi, nami siipingi safari hiyo, ila wanakwenda pamoja, wanarudi pamoja, na hakuna aliyeongeza rafiki. Mpira umezaa kitu kingine. Yule papa asiyeona anatwanga Ijumaa, lakini moyo wake uko kwenye komini ya Kamalondo, kwenye uwanja wa TP Mazembe, timu ya mpira ya hapa Lubumbashi, uliofunguliwa mwaka 2011. Anaweza kukusimulia dakika kwa dakika ule usiku wa Desemba 2010 ambapo Mazembe waliifunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0 huko Abu Dhabi, bao la Kabangu na lile la Kaluyituka, na kuingia fainali ya dunia ya vilabu, ambayo hakuna timu ya nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyokuwa imewahi kuifikia. Aliusikiliza mchezo huo kwa redio. Vijana wa mtaa, ambao wengi walikuwa watoto wachanga wakati huo, huketi jioni nje ya geti kumsikiliza. Mwanzoni nyumba ilimpeleka uwanjani kwa gari lake. Siku hizi vijana wenyewe humfuata, humshika mkono, na huko uwanjani humtangazia mchezo kwa zamu. Gari la nyumba limekuwa bovu tangu Januari na safari zote zimesimama isipokuwa hiyo.

Sasa mapungufu, ambayo ninayasema kwa uchungu kwa kuwa ninaipenda nyumba hii.

Tulipofika, walezi waliwaita wakaazi wote "watoto wetu". Yaya, mwenye mvi tayari, aliitwa mtoto na msichana wa miaka 22. Nililalamika, masista walikubali, na leo wengi wanasema Yaya, Mama au Papa kama inavyostahili. Hata hivyo neno la zamani hurudi wakati wa haraka, hasa wa kuogesha, yaani wakati ambapo mtu mzima anahitaji heshima kuliko wakati mwingine wowote.

Ratiba ya wiki ilikuwa ikipangwa na walezi peke yao. Sasa kuna kikao cha Jumapili jioni ambacho wakaazi huchagua baadhi ya shughuli, na ni hatua nzuri, lakini wanaosema kwa urahisi ndio wanaochukua kikao chote. Wakaazi wawili hawasemi kabisa. Kuna mlezi mmoja aliyezoea kuwawekea mbele jembe, kitambaa na mpira, kisha kungoja mkono au jicho vielekee wapi. Asipokuwepo yeye, hakuna anayewauliza. Mama mmoja ambaye ni kiziwi yuko katika hali ngumu zaidi, kwa sababu hakuna mtu ndani ya nyumba anayejua lugha ya ishara zaidi ya salamu. Yeye hushona vizuri kuliko wote, na watu husifu mishono yake mbele yake bila kuweza kumwuliza hata alijifunzia wapi.

Saa kumi na moja jioni geti hufungwa, na kuanzia hapo hadi kulala kuna rozari na televisheni. Ninaelewa hofu ya usalama. Lakini watu wazima wengine wa Katuba huanza kutembeleana saa hiyohiyo, na uzito wa kizuizi hiki unaonekana zaidi kwa wakaazi wawili, mwanamume na mwanamke, ambao wamependana na ambao nyumba haitaki kulizungumza jambo lao. Mimi ni Mkatoliki kama masista, na siombi uzembe wowote. Ibara ya 23 ya mkataba uleule inatambua haki ya kuoa na kuolewa. Watu hawa wawili wanastahili angalau kukaa na paroko, na familia zao, na kusikilizwa.

Linalonitia hofu kuliko yote ni mshahara wa walezi. Ni mdogo, na mara nyingine huchelewa, kwa sababu nyumba hutegemea michango ya familia na ya waumini. Sisi hulipa dola 90 kwa mwezi pamoja na gunia la unga kila robo ya mwaka. Wasioweza hulipa pungufu, na kuna watatu wasio na familia ambao hawalipi kitu. Katika mwaka mmoja walezi watatu wameondoka, mmoja wao akiwa yule wa kwenye kilio. Kumwelewa yaya anaposema huchukua miezi. Mlezi akiondoka, masikio hayo huondoka naye, na yaya huanza tena kuwa mtu ambaye watu humwitikia "ndiyo, ndiyo" bila kujua amesema nini. Familia saba tumekubaliana tangu mwezi wa pili kuongeza dola kumi kila moja kwa ajili ya mshahara pekee, na masista wamekubali kutuonyesha kaye ya hesabu. Anayempeleka ndugu yake pale aulize habari za mchango huo na ajiunge.

Jumapili iliyopita nilifika saa sita na gari la kuazima, ili kumchukua yaya kwa chakula cha ubatizo wa mwanangu. Nilimkuta amevaa kitambaa chake cha sherehe, lakini akanionyesha saa ya ukutani na kuanza kusema, nami nikangoja. Alisema wanawake wa likelemba wanakuja saa nane, zamu ya kupokea ni yake, na hawezi kuondoka kabla. Nikawapigia wageni simu, nikawaambia tutachelewa.