Divai nyekundu ya mu ndege: nyota moja, na hiyo moja ni ya ule dada

Kiti kilikuwa sawa, tuliondoka na saa yake, valizi zilifika. Mambo yangu iko na divai tu.

Ilikuwa ndege ya usiku kwenda Bruxelles, ile ya pili kisha kutoka Luano, kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, na kubadilisha njiani, klasi ya ekonomi, kampuni sitaitaja juu bado nangojea jibu yao. Kale kagari ka binywaji kakafika, nikaomba nyekundu. Dada wa mu ndege akatoa chupa kubwa, tayari wazi, imebakia robo, na ilikuwa mu droo moja na makoka na maji ya barafu. Akanimwangia mu kopo ya plastiki. Kushika kopo, baridi! Ile baridi tunapendaka kwa bia ya Simba, haiko kwa divai nyekundu. Nikanusa, siki. Nikawasha kataa ka juu ya kiti, rangi imeanza kuwa ya kahawia pembeni.

Nikamwita. Akaniambia, "Papa, ni juu ya urefu, huku angani ladha ya kila kitu inabadilikaka."

Hapo njo nilikasirika, juu hiyo maneno iko nusu ya kweli. Ni kweli mule ndani presha iko sawa na ya mulima wa mita 2,000 hivi, Lubumbashi yetu iko mita 1,200 na kitu, tena hewa ni kavu sana, pua inakauka, na bila pua divai ni nini? Ba Fraunhofer, batafiti ba Ujerumani, balipima ile mambo mu 2010 kwa ajili ya kampuni ya ndege Lufthansa, bakaona chumvi na sukari inapunguka mu kinywa. Njo maana divai yenye tanini mingi, ile kitu inakaushaka kinywa, inazidi ukali kule juu, na ukiitia baridi tena unaimaliza kabisa. Sawa. Lakini urefu haugeuze divai kuwa siki mu saa mbili! Ile ni chupa ilifunguliwa zamani ikaachwa tu ipigwe hewa.

Mama mumoja wa Kamalondo pembeni yangu akacheka, "Papa, kunywa tu, si ya bure?" Ya bure wapi, mama, tulilipia yote mu tiketi. Yeye alikamata juisi ya tomati na akaisifu mupaka mwisho, na ni kweli tomati haipoteze ladha kule juu, lakini mi sikuomba tomati.

Na basifikiri sisi batu ba Lubumbashi tunajua paka bia. Divai ya Afrika ya Kusini inapitaka mupaka wa Kasumbalesa mu makamyo, inalala mu foleni na lile jua lote, na ikifika huku kwenye ndoa bado inakunyweka.

Mwishowe nikaomba kachupa kadogo, kale ka mililita 187, kenye kufungwa. Dada akaenda nyuma, akakawia, akarudi nako bila kununa, njo ile nyota. Kalikuwa baridi pia, nikakakumbatia mu mikono kidogo, nikakunywa na kuku. Haikuwa divai ya kusifu, lakini ilikuwa divai.

Kwa hiyo, ba kampuni, tuchupa muko natwo, tuko kule nyuma. Mbona munatufichia na kutumwangia mabakio? Na ile nyekundu muitoshe mu droo ya makoka, hiyo haiombe hata franka moja.